Iko Fiti, Nimeipima Usiku Kucha

Mtu anayekaa macho saa nane za usiku, mwezi wa Julai, Nairobi, akitazama asilimia zikipanda kwenye skrini nyeusi, ana shida zake. Mimi ndiye nilikuwa huyo mtu. Nilikuwa nimejifunga shuka ya Kimaasai, chai imepoa, dirisha nimeliacha wazi makusudi ili baridi iingie. Programu ya kupima kumbukumbu ya kompyuta ilikuwa inaandika nambari kwenye kila pembe ya RAM, inazisoma, inazifuta, inaandika zingine. Kulikuwa na neno moja tu nililokuwa nalitazama: makosa. Mbele yake, sifuri. Adhana ya alfajiri ilipita, mathree za kwanza zikaanza kupiga honi, bado sifuri. Nikalala nikiwa na raha ambayo sikuweza kumweleza mtu yeyote pale plotini.

Nilichokuwa nafanya kinaitwa ovakloki. Ni kuilazimisha mashine ikimbie kuliko ilivyoandikiwa na walioitengeneza. Wengi huanza na prosesa. Mimi nilikuwa nimehamia kwa RAM, ambayo ni kazi ya watu wenye subira nyingi au wasio na shughuli, na mwaka ule nilikuwa vyote viwili.

Nina vipande viwili vya gigabaiti 8, aina ya DDR4, mtumba wa katikati ya mji. Kawaida ya DDR4 ni volti 1.2. Kibandiko cha hivi vyangu kilisema 3200 kwa volti 1.35, yaani hata aliyeviuza vikiwa vipya alikuwa ameshavisukuma kidogo na kuweka jina lake juu yake. Ukivichomeka bila kugusa chochote, bodi yangu ilivikimbiza kwa 2133 tu. Lakini hizo nambari kubwa zinadanganya kidogo. Zinahesabu mara ngapi data inahama, milioni kwa sekunde. Saa yenyewe ya RAM inagonga nusu ya hapo. Halafu kuna kungoja. Prosesa ikiomba kitu, RAM haijibu papo hapo. Inahesabu migongo kwanza. Ya kwangu ilihesabu 16. Kwa 3200 hiyo ni nanosekunde 10. Nikaisukuma hadi 3600, migongo ikabaki 16, na kungoja kukashuka hadi nanosekunde 8.9. Hiyo nanosekunde moja na kitu niliipigania wiki nzima.

Ili isimame hapo ilibidi niongeze umeme hadi volti 1.45. Ukiangalia, 1.35 na 1.45 zinafanana. Ila joto halipandi pamoja na volteji hatua kwa hatua, linapanda kwa mraba wake, halafu unaongeza na ile kasi mpya. Kwa hesabu ya juu juu nilikuwa nalipa karibu asilimia 30 zaidi ya umeme ndani ya vipande viwili vya plastiki vyenye ukubwa wa rula ya mtoto wa shule. Video niliyozoea kuitoa kwa dakika kumi sasa ilitoka kwa dakika tisa na nusu. Usicheke. Kuna watu wananunua viatu.

Yote hayo ni ya kawaida, na mpaka hapo sikuwa nimefanya neno. Kuna nambari nyingine niliyoigusa, na hiyo ndiyo imenifanya niandike.

RAM inasahau. Sio ikizeeka, inasahau saa yote. Kila biti ndani yake ni chaji kidogo ya umeme iliyowekwa kwenye kapasita ndogo sana kando ya transista moja. Ni wazo la Robert Dennard wa IBM, aliyepewa hataza yake mwaka wa 1968, na mpaka leo simu yako na kompyuta yangu zinaliishi. Shida ni kwamba kapasita hiyo inavuja. Ni mtungi wenye ufa. Kwa hivyo kuna kazi moja ambayo RAM haiachi kuifanya hata wewe ukiwa umeondoka mezani: kuzungukia kila mtungi na kuujaza tena kabla haujaisha. Kawaida iliyowekwa ni kwamba kila seli ijazwe angalau mara moja kila milisekunde 64. Na RAM ikiwa inajaza, haiwezi kukuhudumia. Unangoja.

Sasa mtu wa ovakloki akiona mahali pa kungoja, anawashwa mikono. Kwenye BIOS ya bodi yangu kulikuwa na nafasi ya kuandika muda kati ya kujaza kumoja na kwingine. Kawaida ni mikrosekunde 7.8. Nikaandika nambari kubwa kuliko zote iliyokubali, 65535, ambayo kwa kasi niliyokuwa nayo ni kama mikrosekunde 36. Maana yake, seli iliyokuwa inajazwa kila milisekunde 64 sasa ilikuwa inakaa karibu 300 ikijitegemea. Nikapima. Sifuri. Nikapima usiku kucha. Sifuri. Nikajiuliza kwa nini watengenezaji wenyewe hawafanyi hivi, nikajijibu kwamba ni waoga.

Jibu la kweli si siri. Ile 64 haikuwekwa kwa ajili ya seli ya kawaida, ambayo inaweza kushika chaji muda mrefu zaidi. Iliwekwa kwa ajili ya seli dhaifu kuliko zote katika mabilioni, na kwa ajili ya siku ambayo RAM imefika nyuzi 85. Ikipita hapo, kawaida yenyewe inataka kujaza kwa haraka mara mbili. Joto linaharakisha kuvuja. Mimi nilikuwa nimepima kwenye chumba cha Julai, dirisha wazi, nikiwa na shuka. Ile nafasi niliyoiona kama imetupwa bure ilikuwa imewekewa mtu, siku nyingine, mahali pengine. Nilidhani nimeiokota.

Najua hapa unangoja niseme kwamba sisi vijana wa Nairobi ndio tumeovaklokiwa, kazi tatu, usingizi wa saa nne, kahawa badala ya volteji. Sitasema. Mtu aliyechoka anajua amechoka. Anakasirika, anaugua, anasinzia kwenye gari mpaka anapitishwa steji. RAM iliyozidiwa haina hata moja ya hayo, na hapo ndipo kesi yangu ilipo.

Prosesa ukiisukuma kupita kiasi, mara nyingi inakuabisha: mashine inaganda, skrini inageuka buluu, unajua umefika mwisho. RAM nayo inaweza kufanya hivyo. Lakini inaweza pia kufanya kitu kibaya zaidi, nacho ni kuendelea. Biti moja iliyokuwa 1 inavuja ikawa 0. Faili inapita hapo ikienda kwenye diski, inabeba kosa, inaandikwa, na kompyuta inakuambia kazi imekamilika. Seva zinalindwa na RAM ya ECC: kwa kila biti 64 kuna 8 za ziada za ulinzi, hivyo kosa la biti moja linarekebishwa na la mbili linagunduliwa. Yangu, na pengine yako, haina hiyo. Inaamini chochote inachokumbuka.

Binamu yangu anapiga picha za harusi Mombasa. Alikuwa anatumia laptopu iliyokuwa inalia kama posho mill, akaniomba nimuuzie ile mashine yangu kwa bei ya kindugu, kwa awamu mbili. Nilikuwa nataka kununua nyingine, nikakubali. Mwezi wa Januari nikaifunga kwa maboksi na magodoro ya zamani, nikaipakia kwenye basi la usiku. Aliniuliza swali moja tu.

"Haina matatizo, kaka?"

"Iko fiti. Nimeipima usiku kucha."

Nimeirudia hiyo sentensi kichwani mara nyingi. Kila neno lake ni kweli.

Chumba chake cha kazi kiko Kisauni, juu bati, AC hakuna, na feni iliyopo inamtazama yeye. Februari pale mchana ni nyuzi 32, 33. Alikuwa anarudi kutoka arusini, anachomeka kadi ya kamera, ananakili picha kwenye diski, anaifuta kadi kwa sababu kesho kuna arusi nyingine. Utaratibu wa kila mpiga picha ambaye bado hajaumia. Wiki ya tatu akanipigia.

"Hebu nieleze. Picha zingine zakatika katikati. Juu nzuri, chini kijivu. Nyingine imeingia mstari wa zambarau. Ni nini hii?"

Nikamwambia ni diski. Diski za mtumba hizo, nikasema, huwezi kuziamini, badilisha. Akanunua mpya kwa 6,000. Baada ya wiki mbili picha zikakatika tena, safari hii za bibi harusi ambaye alikuwa ameshalipa pesa zote. Picha 11. Kadi ilikuwa imeshafutwa.

Je, nilidanganya niliposema diski? Nimejaribu kulijibu hili swali kwa uaminifu na bado linanishinda kidogo. Sikukaa nikatunga uongo. Kilichotokea ni kwamba alipokuwa bado anaongea, ile 65535 ilipita kichwani mwangu, kama paka anavyopita mlangoni, na mimi sikuinuka kuitazama imeenda wapi. Diski za mtumba huharibika kweli. Nilikuwa na jibu linalofaa, nikalichukua. Ukiniweka mbele ya hakimu nitaapa kwamba niliamini ni diski, na pengine nitashinda kesi.

Kuna Mwingereza mmoja, W. K. Clifford, mwanahisabati, aliandika insha mwaka wa 1877 kuhusu maadili ya kuamini. Anaanza na mwenye meli. Meli yake ni kuukuu, imerekebishwa mara nyingi, na inakaribia kubeba wahamiaji. Mtu huyo ana wasiwasi, lakini anajibembeleza: imeshasafiri salama mara ngapi, mafundi ni watu wa kuaminika, Mungu atawalinda. Mwisho anaamini kwa moyo mweupe kabisa kwamba meli ni nzima. Meli inazama, yeye anachukua bima na hasemi kitu. Clifford anasema ana hatia ya vifo vyao, kwa sababu hakuwa na haki ya kuamini alichoamini kwa ushahidi aliokuwa nao. Halafu anaongeza kitu ambacho ndicho kilinikaba: hata kama meli ingefika salama, hatia yake isingepungua. Ingekuwa tu haijaonekana.

Nilipoisoma mara ya kwanza chuoni niliona anazidisha. Ushahidi wa kutosha ni upi? Hakuna mtu anayepima kila kitu. Na kwa RAM hoja hiyo ina nguvu kweli. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2009 kutoka kwenye mashine za Google zenyewe ulikuta kwamba karibu thuluthi moja yake zilipata angalau kosa moja la kumbukumbu, la kurekebishika, kwa mwaka. Hizo ni mashine zilizotunzwa, zenye ECC. Kwa hivyo hakuna kitu kama RAM isiyokosea. Hata kiwanda kinakisia. Rafiki yangu mmoja, wa hii michezo ya kompyuta, aliniambia hivyo hivyo: wao wamekisia, wewe umekisia, tofauti ni nembo tu.

Nilikaa na hilo siku kadhaa kwa sababu lilinipendeza. Lakini halisimami. Kiwanda kikikisia, kinaandika makisio yake: kasi hii, volti hizi, joto hili, dhamana ya muda huu. Ukikuta si kweli unajua wa kumuuliza. Makisio yangu yaliandikwa mahali pamoja tu, ndani ya BIOS, kwenye ukurasa ambao binamu yangu hatawahi kuufungua. Na kile kipimo changu hakikusema RAM ni nzima. Kilisema kwamba mimi, usiku ule, kwenye baridi ile, sikuona kosa. Nilipomwambia "nimeipima", nilimpa usiku wa Nairobi kana kwamba ni mchana wa Kisauni.

Sidhani kasi ni dhambi. Nitasema wazi kwamba mashine niliyonayo sasa nimeisukuma pia, naandikia hapa hapa, na ikinila insha hii ni mimi na ujinga wangu. Mtu anayecheza gemu kwenye kompyuta yake ana haki ya kuipika mpaka moshi utoke.

Ugumu uko kwa kuambiana. Kwa muda nilijitetea hivi: hata ningemwambia, angeelewa nini? Ningesema nimeongeza muda wa kujaza seli kutoka mikrosekunde 7.8 hadi 36, naye angesema sawa kaka, kwa vile ndivyo tunavyojibu watu wanaojua kutuzidi. Ndivyo tunavyobonyeza "nakubali" kwenye kila programu. Ridhaa ya aina hiyo haina uzito, kwa nini nijisumbue? Nilidhani hapo nimepata mlango wa kutokea.

Kisha siku moja nikiwa naosha vyombo nikajaribu kuisema kwa Kiswahili cha nyumbani. Ikatoka hivi: kuna uwezekano baadhi ya picha za wateja wako ziharibike bila wewe kujua, ili video yako iishe kwa dakika tisa na nusu badala ya kumi. Hiyo haihitaji digrii. Nyanya yetu angeielewa, na angejua la kujibu. Ugumu wa kueleza haukuwa kwenye elektroniki hata kidogo. Nilikuwa nimeieleza hatari kwa lugha ya kitu kilichokuwa changu, nambari, badala ya kitu kilichokuwa chake, picha. Na ukishaisema kwa lugha yake, unasikia mara moja kwamba hakuna mtu angekubali. Labda ndiyo maana sikuisema.

Nilimpigia Aprili, mvua inanyesha kwake na kwangu. Nilimweleza kila kitu, bila maikrosekunde. Alinyamaza muda hata nikaangalia simu kama laini imekatika.

"Kwa hivyo ile diski niliyonunua haikuwa na haja."

"Haikuwa na haja."

"Na ile ya kwanza nimeitupa."

Nilimtumia 6,000 kwa M-Pesa kabla hatujamaliza kuongea, jambo ambalo nilijuta papo hapo, kwani ilionekana kama nataka kumlipa anyamaze. Tukafanya kazi iliyobaki: awashe tena, abonyeze kitufe, arudishe mipangilio ya kiwandani. 2133, volti 1.2. Nikamwambia aiendeshe programu ya kupima, na aipime mchana, saa nane, feni ikiwa imezimwa. Aliiendesha siku mbili. Sifuri, na safari hii sikusema ni fiti. Nilimwambia asifute kadi mpaka awe na nakala mbili na amezifungua kwa macho yake.

"Sasa mimi yule bibi harusi nilimwambia ni kadi ya kamera," akasema. "Ndivyo nilivyodhani. Nimwambie nini?"

Hilo sikuwa nimelifikiria. Uongo wangu, kama ni uongo, ulikuwa umetoka kwangu ukapita kwake ukafika kwa mtu ambaye sijui hata jina lake, na kila aliyeupokea aliupitisha akiamini. Kwa yule dada haibadilishi kitu, picha hazirudi. Kwa binamu yangu ingebadilisha: pale mtaani jina ndilo linaloleta arusi inayofuata, na kadi mbovu ni bahati mbaya, mashine mbovu ni uzembe. Nilimwambia kwamba, kama anataka, nitampigia mimi. Akasema hapana, mteja ni wake.

Alinipigia baada ya siku tatu. Alikuwa amemwambia. Yule dada hakukasirika sana, aliuliza kitu kimoja tu: kama nyanya yake yumo kwenye hizo 11, kwa sababu kwenye albamu hakumwona popote. Binamu yangu alikuwa bado na zile faili. Akazifungua moja moja. Yumo kwenye moja, ameketi karibu na mlango. Mtandio unaonekana, na macho, na mkono ulioinuka. Kuanzia kidevuni kwenda chini ni kijivu.

Akaniuliza kama amtumie hivyo hivyo. Nikamwambia amtumie.